Je, Wajua? Hela Iliyosagika

Je, wajua kwamba "hela" lilikuwa jina la sarafu? Mwaka 1904 Wajerumani waliacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia moja, wakaweka heller 100. Rwanda ilikuwa ndani ya koloni lao la Afrika Mashariki. Leo mtu wa Nyakabuye, Rwanda, huita fedha amafaranga. Akivuka mto Ruhwa tu kuingia Burundi, fedha ni amahera.

Je, wajua herufi ndogo kwenye sarafu hizo husema zilikotengenezwa? A ni Berlin, J ni Hamburg. T ni Tabora, na hiyo ndiyo ya kuipenda. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga bahari, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha fedha mwaka 1916. Maganda ya risasi yakawa heller 20. Dhahabu ya Sekenke ikawa rupia 15 zenye picha ya tembo, 16,198 tu. Majeshi ya Ubelgiji yaliyovuka kutoka Kongo yaliingia Kigali tarehe 6 Mei mwaka huohuo, na Tabora tarehe 19 Septemba.

Kwa sababu ya haraka ya vita hivyo, heller 20 nyingi zilitoka na chapa hafifu tangu siku ya kwanza. Basi usiseme upesi kwamba sarafu imechakaa. Iliyochakaa imesagika pale palipoinuka. Yenye chapa hafifu haikupata umbo tangu mwanzo.

Je, wajua kuhusu stempu za "Tombeur"? Ni stempu za Kongo zilizogongwa neno RUANDA mwaka 1916, zikapewa jina la jenerali wa Ubelgiji. Za bandia ni nyingi mno. Chunguza herufi za neno hilo kwanza; kona iliyokunjika ni jambo dogo.

Je, wajua nusu ya kadi yaweza kununua nyumba? Kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli, ilitiwa kwenye pakiti za sigara Marekani kati ya 1909 na 1911. Mwaka 2022 moja iliyochanwa, ikabaki nusu, iliuzwa kwa zaidi ya dola 475,000.

Na ukiikuta heller kwenye kikapu cha bibi, tafadhali usiisugue kwa jivu wala ndimu. Weusi ule umechukua miaka mia kujengeka, na ukishaondoka haurudi.