Muhuri wa ubalozi haumfundishi jaji sheria

"Wakili, karatasi imegongwa muhuri ubalozini. Jaji ataikataaje?" Hapa Mombasa swali hili haliniishii, na anayeuliza huwa ameshalipia tafsiri, muhuri na nauli ya Nairobi. Ndani ya faili lake mna mkataba unaosema sheria ya Dubai ndiyo itakayotumika, na kurasa za sheria hiyo alizochapisha kutoka kwenye intaneti.

Muhuri unathibitisha sahihi ya aliyetia sahihi. Basi. Hausemi kama sheria ile ingali hai, kama kifungu hakikubadilishwa juzi, wala mahakama za huko hukielewa vipi. Jaji wa Kenya anatakiwa kuijua sheria ya Kenya. Sheria ya kigeni kwake ni jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi, kama alama za breki barabarani. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kimeitia kapu moja na sayansi na miandiko ya mkono: aje mtaalamu, aapishwe, abanwe maswali na wakili wa upande wa pili. Asipokuja, jaji huchukulia kwamba sheria ya huko ni kama yetu. Nimemwona mfanyabiashara ambaye kwa sheria ya huko haki ilikuwa yake kabisa akitoka mikono mitupu, karatasi zake zenye mihuri mitatu zikiwa kwapani. Aliniuliza kama wa nne ungesaidia!

Hukumu ni habari nyingine, msichanganye. Hukumu ya pesa ya mahakama za juu za Uingereza, Australia, Malawi, Ushelisheli, Tanzania, Uganda, Zambia au Rwanda husajiliwa Mahakama Kuu kabla ya miaka 6 kwisha. Ya Dubai haimo. Fungua kesi mpya, hukumu ile iwe msingi wa dai. Ikiwa inagawa shamba la Kilifi, usijisumbue. Unadai serikali ya nje? Ikiwa ilinunua saruji isilipe, jaribu. Ikiwa gari la jeshi lake lilikugonga, soma kwanza uamuzi wa Mahakama yetu ya Rufani wa 1983, ulioikinga Wizara ya Ulinzi ya Uingereza.

Mtaalamu atafutwe kabla ya kufungua kesi, na sheria ya kigeni itajwe kwenye hati ya madai. Na kama mkataba haujatiwa sahihi bado, andikeni sheria ya Kenya, mnipunguzie kazi.