Mafuta ya Korosho Hayashiki Kwenye Faiba

Msimu wa korosho ukifungwa na malipo ya vyama vya msingi yakishaingia, mafundi wa boti wa Mikindani na Msimbati hujua swali linalokuja. "Fundi, sakafu ya boti nimeshairudishia faiba, iko safi kabisa. Sasa mafuta ya maganda ya korosho nipige mikono mingapi?" Anayeuliza ana ndugu Newala, Ndanda au Masasi, na ndugu huyo ameshateremsha dumu la mafuta meusi. Kama mafuta yenyewe yanafaa au hayafai, hilo halimo kwenye swali. Lilishaamuliwa huko juu, kabla dumu halijapakiwa kwenye basi.

Hayapigwi hata mkono mmoja. Jibu hili limetolewa ufukweni, limetolewa dukani, limetolewa kwa simu, na madumu bado yanateremka. Kwa hiyo safari hii litaelezwa kwa urefu wake.

Imani hii ina asili ya kuheshimika. Watu wa uwanda wa Makonde hupaka mafuta hayo kwenye nguzo na mbao za nyumba, na mchwa huzikwepa. Kwenye pwani ya Kerala, India, wavuvi wameyatumia kuhifadhi mitumbwi na nyavu. Pwani ya Waswahili nayo ina desturi ya jinsi hiyo hiyo: ubao wa jahazi hupakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, na sehemu inayozama hupakwa deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu. Vitu hivyo hufanya kazi kwa sababu ubao una vinyweleo. Mafuta huzama ndani, hukaa mahali ambapo maji yangekaa, na ukali wake humngoja mdudu humo humo anamotaka kutafuna.

Faiba hainywi. Ni nyuzi za kioo zilizofungwa ndani ya resini, mara nyingi poliesta, na resini ikishaganda haina kinyweleo cha kupokea mafuta. Mchwa hana anachokitaka humo. Kwa hiyo sababu zote mbili za kupaka mafuta ya korosho zinaanguka siku ile ile mtu anapohama kutoka ubao kwenda faiba. Mafuta hubaki juu, na yakiwa juu hayana pa kujishikiza. Yanakauka polepole mno, juu yanaota ngozi na chini yanabaki mabichi. Jua la saa sita likipiga, ngozi hiyo inalegea, na mvuvi anayevuta jarife amesimama juu ya utelezi.

Kisha kuna miguu yake yenyewe. Mafuta mabichi ya ganda la korosho, yaliyokamuliwa bila moto, zaidi ya nusu yake ni asidi ya anakadiki, pamoja na kadoli. Ni jamaa wa karibu wa sumu inayowaunguza Wamarekani ngozi wakigusa mmea wanaouita poison ivy, na mmea huo na mkorosho wote ni wa ukoo mmoja na mwembe. Mama yeyote aliyewahi kubangua korosho kwa mkono hahitaji kuelezwa. Ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu au mafuta mengine viganjani kabla ya kuanza. Mtu anayejua hayo yote, kisha akaimwaga asidi ile ile kwenye sakafu watakayoikanyaga vijana wake pekupeku kutwa nzima, tena samaki wa kuuzwa wakilazwa hapo hapo, anastahili kuulizwa alikuwa anafikiria nini.

Hapa ndipo hutolewa ushahidi wa jirani: boti ya fulani ilipakwa, na mwaka wa pili huu sakafu haijaharibika. Kweli haijaharibika. Faiba iliyotandikwa vizuri huweza kukaa miaka mingi hata isipopakwa kitu chochote, kwa hiyo sifa inayopewa mafuta ni ya faiba. Atakaye kuhakikisha achukue ncha ya kisu, akwangue ule weusi pembeni penye kivuli. Utatoka hata kwa ukucha, na chini yake faiba itaonekana kavu vile vile ilivyokuwa.

Ubaya mkubwa, hata hivyo, huonekana baadaye, mwenye boti anapoamua sasa kupaka rangi ya maana. Mafuta ya korosho ni ya jamii ya fenoli, na fenoli ndiyo adui wa kuganda kwa poliesta. Viwanda vya resini hutia makusudi kiasi kidogo sana cha kemikali za jamii hiyo, kama haidrokwinoni, ili resini isigande ndani ya pipa ikiwa bado dukani. Fundi anayetandika poliesta mpya juu ya sakafu iliyowahi kupakwa mafuta ya korosho anaiweka resini yake juu ya dawa ya kuizuia isigande. Juu itakauka, chini itabaki kama gundi mbichi, na baada ya mwezi sakafu nzima itanyanyuka vipande vipande. Fundi atalaumiwa. Resini italaumiwa. Dumu halitajwi.

Wapo waliobuni njia ya katikati: kuchanganya mafuta hayo ndani ya epoksi ili kopo moja litoshe boti mbili. Hili ni baya zaidi, kwa kuwa epoksi hugandishwa na hadina ya jamii ya amini, na asidi huivamia amini kabla haijafika kwenye kazi yake. Vipimo vya kiwandani vinavurugika, na kinachobaki baada ya wiki ni kitu laini kinachochukua alama ya kidole gumba. Fedha ya epoksi nzima imepotea kwa ajili ya kuokoa nusu kopo.

Na bado kuna ukweli mmoja unaofanya uvumi huu usife, na ni ukweli wa kujivunia: korosho imo kweli ndani ya rangi za meli. Mafuta ya ganda yakipashwa moto mkali kiwandani, karibu nyuzijoto 200, asidi ya anakadiki hupoteza hewa ya kaboni dayoksaidi na kugeuka kadanoli. Kadanoli husafishwa kwa kunerekwa, kisha huunganishwa na fomaldehaidi na amini, na kinachozaliwa huitwa fenalkamini. Hiyo ni hadina ya epoksi. Inaganda hata penye baridi, inavumilia unyevu ambao hadina nyingine hazivumilii, na ndiyo maana hupakwa kwenye matangi ya meli yanayobeba maji ya bahari. Kampuni ya Cardolite ya Marekani imejijengea jina kwa bidhaa za aina hii. Unga wa mafuta hayo hayo umo pia kwenye breki za magari.

Lakini hadina hiyo na dumu la Newala ni vitu viwili, na kati yao kuna kiwanda kizima. Kuchemsha dumu uani hakuwi kiwanda. Mafuta yakifika joto hilo hutoa povu, hufurika, na moshi wake huwasha macho na mapafu. Hata yakinusurika, kadanoli peke yake bado haijawa rangi wala hadina. Bila kuunganishwa na amini itabaki mafuta tu. Kumwambia mvuvi apake mafuta mabichi kwa sababu meli za Ulaya zina korosho ndani ya rangi yake ni upotoshaji, hata kama anayesema ana nia njema.

Inauma zaidi ukikumbuka sehemu kubwa ya korosho ya Mtwara na Lindi inakwenda wapi. Inauzwa ghafi kwenye minada, kupitia vyama vikuu vya ushirika kama MAMCU na TANECU, na kupakiwa kwenda India na Vietnam ikiwa ndani ya ganda lake. Ganda linakwenda na mafuta yake. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kusini miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, Newala na Masasi vikiwemo, vingi vilikaa kimya muda mrefu baadaye. Mafuta ambayo Newala ingeweza kuyauza yakiwa yamesafishwa, mvuvi wa Mikindani anaweza kukutana nayo yakiwa ndani ya kopo la epoksi lililotoka ng'ambo, bila kujua kwamba sehemu yake iliota Makonde. Hilo ni jambo la kuwasumbua wanaopanga mambo ya viwanda. Halitatuliwi kwa brashi.

Suala lenyewe limekuwa la haraka kuliko zamani. Boti za faiba zimeongezeka pwani ya kusini, hasa tangu serikali ilipoanza kuzikopesha kwa wavuvi. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Kilwa Masoko kukabidhi boti za mkopo huo na kuweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi. Anayedaiwa mkopo hana nafasi ya kujaribu dawa za mtaani juu ya sakafu ambayo hajamaliza kuilipia.

Sasa yanayofaa.

Kwanza isikilizwe sakafu yenyewe kwa kuigongagonga na sarafu. Ikilia bovu, plaiwudi ya chini imelowa, na hakuna rangi duniani itakayoiponya. Ifunguliwe, ikaushwe au ibadilishwe. Ikilia kavu, ioshwe kwa sabuni na maji matamu, ifutwe kwa asitoni au thina kwa vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kimoja kisafi cha kufutia, ndipo ipigwe msasa namba 80. Anayetanguliza msasa huyasukuma mafuta na nta ndani ya mikwaruzo. Mwisho imwagiwe maji kidogo: yakitandaa, iko tayari, yakijikusanya matone matone, bado ina mafuta na kazi irudiwe.

Kama sakafu imerudishiwa kwa poliesta, chaguo la bei nafuu linalodumu ni jelikoti iliyotiwa nta, ile ya kupaka ndani ya boti. Nta hupanda juu na kuzuia hewa, maana poliesta iliyo wazi kwa hewa hubaki ikinata. Dawa ya kugandisha itiwe asilimia 1 hadi 2 tu, na isikutanishwe kamwe moja kwa moja na kobalti ya kuharakisha, kwa kuwa mchanganyiko huo hulipuka. Kama sakafu imerudishiwa kwa epoksi, jelikoti hiyo isipakwe, haitaishika. Hapo ni epoksi kwa epoksi.

Mwenye uwezo apige epoksi mikono miwili na juu yake poliyurethani ya makopo mawili. Epoksi ndiyo inayoshika, lakini jua huigeuza unga mweupe. Poliyurethani ndiyo inayolikabili jua. Kabla ya poliyurethani, epoksi iliyokauka ioshwe kwa maji na kitambaa kigumu cha kusugulia ili utando unaofanana na nta uliopanda juu uondoke, kisha ipigwe msasa tena. Poliyurethani ina isosayaneti, mbaya sana kwa mapafu: barakoa yenye vichujio vya kemikali, mahali pa wazi, brashi au rola badala ya kupuliza.

Asiye na uwezo huo achukue rangi ya mafuta ya baharini ya kopo moja, akijua atairudia kila mwaka. Si aibu. Ni bora mara elfu kuliko dumu.

Vipimo vya hadina viwe vile vilivyoandikwa kwenye kopo. Kuiongeza ili ikauke upesi huidhoofisha. Kwa joto la Mtwara, epoksi iliyoachwa ndani ya kopo itachemka na kuganda mkononi, kwa hiyo ichanganywe kidogo kidogo na kumwagwa kwenye sinia pana. Kazi ianze umande ukishakauka, saa tatu hivi, na iishe saa nane, ili rangi ishike kabla umande wa jioni haujarudi. Masika isubiriwe ipite.

Dhidi ya utelezi, mchanga laini wa mto uliooshwa na kukaushwa kabisa unyunyizwe kwenye mkono wa kwanza ukiwa mbichi, kisha ufunikwe na mkono wa pili. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi iliyofungiwa chini ya rangi huvuta maji mpaka rangi ivimbe malengelenge. Rangi iwe ya kijivu hafifu au ya maziwa, kwani resini ya kawaida ya poliesta huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 na kitu, na sakafu nyeusi juani huweza kufika huko. Mahali pa nanga, mawe ya nyavu na injini pawekwe chanja za mbao zinazotolewa, na chini yake paoshwe kwa maji matamu kila boti inapopandishwa.

Hizo chanja, kwa kuwa ni za mbao, zinaweza kupakwa sifa.