Mzambarau wa Nakawa Wasomwa Lorugum

Mti ambao Waganda wauita jambula ndio mzambarau wetu. Mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa: tunda likiwiva huanguka lenyewe, na aliyelila hana haja ya kuulizwa, maana ulimi wake umekwisha kumsema. Bi Monica Arac de Nyeko wa Uganda aliutia mti huo katika hadithi fupi aliyoiita Jambula Tree. Ilitoka mwaka 2006 katika mkusanyiko wa hadithi za mapenzi za Kiafrika uliohaririwa na marehemu Ama Ata Aidoo wa Ghana, na mwaka 2007 ikampatia mwandishi tuzo ya Caine.

Mimi niliisoma Lorugum, kwa taa ya chemni, nilipokwenda kumzuru mkwe wangu afundishaye Kiswahili huko. Lorugum ni mji mdogo wa Loima, magharibi ya Lodwar, njia ya kuelekea mpaka wa Uganda. Kuna mikoma, kuna mathenge yenye miba, kuna mbuzi na vumbi. Sisi wa pwani tukitajiwa Turkana twadhani dunia imekwisha; kumbe vitabu vyafika huko, na vingine kabla ya kufika kwetu.

Hadithi yenyewe ni barua. Anyango amwandikia Sanyu, sahibu yake wa utotoni katika nyumba za Nakawa mjini Kampala. Wasichana hawa wawili wapendana, si mapenzi ya udugu, na usiku mmoja wafumaniwa chini ya mzambarau. Sanyu apelekwa London. Anyango abaki pale pale, chini ya macho yale yale, hata azoee kutazamwa.

Aliyewafumania ni jirani, Mama Atim, na kwangu mimi huyu ndiye aliyechorwa vizuri kuliko wote. Hakuna mtaa wa pwani usiokuwa na Mama Atim wake. Nilipomsoma nikakumbuka chuoni, maalim akituhifadhisha Surat Nur: mwenye kumsingizia mwanamke uchafu bila ya mashahidi wanne ana fimbo themanini. Twapenda kuikumbuka adhabu ya mwenye kutenda. Ya mwenye kusema twaipita mbio kama mtu apitaye makaburini usiku.

Kitabu kilikuwa cha kijana mmoja aliyekwisha kumaliza kidato cha nne, mwenyeji wa pale pale. Aliponiona nimekimaliza akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Mzee, cha Kiswahili kiko wapi? Na cha mvulana?" Sikumwuliza yeye ataka cha nini. Surat Hujurat imetukataza kupelelezana, na kijana alikuwa ameuliza swali la vitabu.

Cha Kiswahili, nikamwambia, sijapata kukiona. Mtu wa namna hiyo katika masimulizi yetu aghalabu huletwa jukwaani atembee kwa madaha, watu wacheke, atolewe. Riwaya ya mvulana wa miaka kumi na mitano aliye macho usiku, ajiulizaye yeye ni nani na amwambie nani, hiyo bado. Nikamtajia Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, aliyepata tuzo ile ile ya Caine mwaka 2002. Januari 2014 alitoa makala aliyoiita sura iliyopotea ya kitabu chake cha maisha, na ndani yake akamwambia mama yake, ambaye alikuwa amekwisha kufa, lile ambalo hakuweza kumwambia akiwa hai. Wainaina alifariki Mei 21, 2019. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ya Nairobi ikakataa kuvifuta vifungu vya sheria vinavyolifanya tendo hilo kuwa kosa.

Hadithi ya mzambarau nayo imepita njia yake. Bi Wanuri Kahiu aliifanya filamu, akaihamishia Nairobi, akaipa jina la Kiswahili, Rafiki. Mwaka 2018 ikaonyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko, hali kwao imepigwa marufuku. Septemba mwaka huo mahakama ikairuhusu kwa siku saba tu, na watu wakajaa.

Msomaji wangu ataniuliza: je, wewe uliyesoma chuoni wasemaje? Hukumu ya dini juu ya tendo haikufichika, wala sikushika kalamu ili niibadilishe. Lakini riwaya husimulia moyo, na moyo wa mtoto si tendo. Tena nilipokuwa Lorugum nilikuwa jirani na Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992. Waganda walikimbilia huko baada ya sheria ya kwao ya mwaka 2014, kwa kuwa ndugu zao waliwatoa majumbani. Machi 2021 wawili walichomwa moto mle kambini usiku, na Aprili mmoja akafa. Aliyewasha moto ule sijui aliusoma msahafu gani. Wangu sikuliona jambo hilo.

Kuhusu kitabu kuogopwa, hilo si geni. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa kusema wazi mambo ya wasichana na wanaume, na baadaye ikaja kufundishwa mashuleni humo humo. Walimu waliona kwamba wasichana waliyajua hayo kabla ya Kezilahabi.

Mkwe wangu asema yeye angeweza kuitafsiri hadithi ya Bi Arac de Nyeko likizo moja tu. Kichwa hakimtaabishi, ni Mzambarau. Ataabikapo ni pale Anyango amwitapo mwenziwe. Kwa Kiswahili cha wanawake wa pwani, tangu bibi zetu, msichana humwita sahibu yake shoga, na hakuna aliyekuwa akigeuza shingo. Sasa neno hilo limevutwa upande mwingine, hata wanawake wengine waona haya kulitamka mbele za watu. Ndilo litoshalo hapo, nikamwambia, alitie. Mkwe wangu angali anafikiri.