2147483647: nani aliigawanya?

Unajua namna mifuko ya mawe inavyoleta ugomvi ku mashimo. Ikiwa mifuko ni 12, watu wawili, watatu, wane ao sita wanagawana sawasawa, kila mutu anarudi kwake na amani. Ikiwa ni 13? Mutu mumoja abebe yote, ao watu 13 kila mutu na wake. Katikati hakuna. Namba kama 13 inaitwa namba tasa. Watoto wetu ku masomo wanaiita nombre premier.

Kwa namba ndogo ni mambo rahisi. Sasa angalia hii: 2147483647. Andika 2 mara 31, uzidishe zote pamoja, kisha utoe 1, utaipata. Mwaka 1644 mutawa Mukatoliki wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliandika kwamba ni tasa. Alisema vilevile juu ya ile inayotengenezwa na 2 mara 67. Alikuwa mutu wa jina kubwa. Lakini nani alihakikisha?

Ile ya kwanza ilihakikishwa na Leonhard Euler, mutoto wa pasta wa Basel, Uswisi. (Baba yake alitaka awe pasta pia. Mutoto akachagua hesabu, na mimi siwezi kumulaumu.) Mwaka 1772 alikuwa Petersburg, Urusi, na macho yake yalikuwa karibu kufa kabisa. Hesabu alizishika kichwani.

Angalia akili yake. Namba ikigawanyika, lazima iko na mugawanyaji mudogo. Kwa hii yetu hawezi kupita 46340, juu 46341 mara 46341 inapita namba yenyewe. Basi ujaribu zote mpaka 46340? Utazeeka! Euler alionyesha kwamba mugawanyaji huyo, kama yuko, ukimugawanya kwa 248 lazima ibaki 1 ao 63. Hapo zile elfu 46 zinakuwa chini ya 400. Tena zenye si tasa unaziacha, kama 249, maana ni 3 mara 83.

Ya kwanza ya kujaribu ni 311. Gawanya wewe mwenyewe: unapata 6905092, inabaki 35. Haikubali. Inayofuata ni 1303: unapata 1648107, inabaki 226. Haikubali. Akaendelea hivyo mpaka mwisho, hata moja haikukubali. Mersenne alisema kweli.

Na ile ya 67? Mwaka 1903 Mumarekani Frank Nelson Cole alionyesha wagawanyaji wake: 193707721 na 761838257287. Mutawa yule yule, kitabu kile kile, na hapa alikosa. Kama uko na mutoto wa sekondari nyumbani, mupe karatasi na kalamu azidishe hizo mbili. Lazima apate 147573952589676412927.