Watu wa Edhi na Maiti wa Korona

Mji wa Karachi, katika nchi ya Pakistani, haukosi kulijua zao letu, maana birani ya huko haipikwi bila ya karafuu. Lakini safari hii hatutaki kuzungumza habari za bei wala mizani. Twataka kuwapa wanachama habari za Taasisi ya Edhi, ambayo ni jumuiya ya hisani ya mji ule, na namna ilivyowafaa watu yalipoingia maradhi ya Korona mwaka 2020.

Mwenye kuianzisha ni marehemu Bwana Abdul Sattar Edhi, mzaliwa wa Bantva, Gujarat, aliyehamia Karachi mwaka 1947 Bara Hindi ilipogawanyika. Alipokuwa mtoto, mama yake akimpa paisa mbili kila aendapo skuli, moja yake mwenyewe na moja ya kumpa mwenye shida. Mwaka 1951 alifungua zahanati ndogo katika mtaa wa Mithadar. Mwaka 1957 ikaupiga mji homa ya mafua ya Asia, naye akasimamisha mahema, akahudumia wagonjwa bila ya malipo, akaomba mchango. Watu wakatoa, na tajiri mmoja akatoa fedha nyingi hata ikanunuliwa gari kuukuu ya kuchukulia wagonjwa. Kutokana na gari ile moja, taasisi ilikua hata mwaka 1997 kitabu cha Guinness kikaiandika kuwa ya kwanza duniani kwa wingi wa magari ya wagonjwa yanayoendeshwa kwa kujitolea. Na fedha za serikali Bwana Edhi hakuzitaka. Alitaka za watu.

Basi maradhi ya kuambukiza ndiyo yaliyoikuza taasisi hii. Korona ilipothibitika Pakistani tarehe 26 Februari, 2020, mwenyewe Bwana Edhi alikuwa amekwisha fariki, mwaka 2016, na kazi iko mikononi mwa mwanawe, Bwana Faisal. Hapakuwa na haja ya kuunda kamati. Magari yalikuwapo, madereva wapo, na nambari ya simu, 115, kila mtu akiijua kwa moyo.

Kupeleka wagonjwa hospitali ilikuwa kazi kubwa, lakini iliyotushika sisi zaidi ni kazi ya maiti. Wanachama wanajua kuwa kumkosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya: wakifanya baadhi, wengine wamesalimika, wasipofanya hata mmoja, dhambi ni ya wote. Sasa jamaa wanaogopa kumgusa maiti wao, na hofu yenyewe si ya upuuzi, nani atakosha? Walikosha watu wa Edhi. Walivaa nguo za kujikinga toka kichwani hata miguuni, katika joto la Karachi, wanaume wakikosha wanaume na wanawake wakikosha wanawake. Hawakuanza siku hiyo. Kwa miaka mingi walikuwa wakizika maiti wasio na wenyewe katika makaburi ya Mowach Goth, na mkono uliozoea kazi hautetemeki sana.

Hatari haikumchagua mdogo wala mkubwa. Tarehe 15 Aprili, 2020, Bwana Faisal alikwenda Islamabad kumkabidhi Waziri Mkuu, Bwana Imran Khan, hundi ya rupia milioni 10 kwa mfuko wa Korona. Siku chache baadaye akapimwa, akaonekana anayo. Waziri Mkuu naye akapimwa, akakutwa hana. (Taasisi isiyotaka fedha za serikali ikawa ndiyo inayoipa serikali, wenye kupenda hesabu na waitazame hiyo.) Bwana Faisal alipona, akarudi kazini.

Mamake, Bibi Bilquis Edhi, aliyekuwa akisimamia kinamama na watoto wanaoachwa katika vitanda vya bembea nje ya vituo vya taasisi, alifariki tarehe 15 Aprili, 2022. Vitanda vile havikuondolewa.