Zahanati Iliyopewa Akaunti

Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania ilianza kutekeleza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wenye ahadi iliyoeleweka na kila mtu: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Wanavijiji walisomba mawe na mchanga, majengo yakapanda. Kasi ya kuajiri haikufuata kasi ya kujenga. Mpaka leo zipo zahanati ambako muuguzi mmoja ndiye anayezalisha, anachanja, anagawa dawa na kujaza rejista. Akiitwa semina, mlango unafungwa.

Upungufu huo unasemwa sana, na ni haki usemwe. Lakini kulikuwa na kasoro nyingine isiyoonekana kwa macho: zahanati haikushika fedha. Mgawo wa Mfuko wa Pamoja wa Afya uliishia halmashauri, nayo ikanunua kwa niaba ya vituo vyote. Mganga mfawidhi aliyehitaji glovu au gesi ya jokofu la chanjo aliandika barua, akasubiri.

Mwaka wa fedha 2017/18 utaratibu ukageuzwa. Fedha zikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo, na kamati ya usimamizi, yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, ikapata kauli juu ya matumizi. Kabla ya hapo, mwaka 2014, mfumo wa mshitiri, yaani msambazaji binafsi wa dawa mwenye mkataba, ulikuwa umeanza Dodoma, ukivipa vituo pa kununua dawa zinazokosekana Bohari ya Dawa. Kwangu mimi, mageuzi haya yana uzito kuliko uzinduzi wa jengo lolote, maana yaliusogeza uamuzi karibu na mgonjwa.

Hayajakamilika. Muuguzi yule yule aliyezidiwa na kazi ameongezewa vitabu vya hesabu, na kila saa anayoandika hati za malipo kuna mjamzito anayesubiri kwenye benchi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo inaongeza deni: kadi ya bima haimsaidii mtu mbele ya rafu tupu. Madai ya bima ya vituo yalipwe kwa wakati, na zahanati za kila kata zipate mhasibu wake.

Nawe msomaji, hudhuria mkutano wa kijiji, uulize kamati: robo hii zahanati yetu imepokea shilingi ngapi, na zimenunua nini? Ni fedha zako. Una haki ya kujibiwa.