Ukomunisti Ulivyofanywa Kisingizio



Kila mwaka ifikapo tarehe 27 Februari, sisi watu wa Songea huwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa na Wajerumani mwaka 1906. Wajerumani hao walidai kuwa wametuletea ustaarabu. Basi mtu wa Songea, kila asikiapo kuwa taifa kubwa limepeleka silaha ugenini kwa neno jema, ana haki ya kuuliza: Je, neno hilo ni sababu, au ni kisingizio?

Na tuwatazame jirani zetu wa Kongo. Walipopata uhuru Juni 1960, Patrice Lumumba alikuwa Waziri Mkuu. Jimbo la Katanga, lenye shaba nyingi, lilipojitenga, kwanza aliuomba msaada Umoja wa Mataifa. Alipoona hapati msaada alioutaka, ndipo akapokea ndege na malori ya Warusi. Marekani ikamhesabu kuwa chombo cha Ukomunisti. Mwaka 1975 uchunguzi wa Baraza la Seneti la Marekani lenyewe ulidhihirisha kuwa majasusi wao walikuwa wamepelekewa sumu ya kumwua. Sumu hiyo haikutumika. Lumumba alikabidhiwa kwa adui zake wa Katanga, akauawa tarehe 17 Januari 1961.

Mwaka 1964 wapiganaji walioitwa Simba waliinuka upande wa mashariki, wakaiteka Stanleyville, iitwayo leo Kisangani. Hatuyafichi maovu yao: waliwaua Wakongo wenzao wengi, wakawashika wageni mateka na kuwaua baadhi yao. Kumwokoa mateka ni jambo jema. Lakini tarehe 24 Novemba, ndege za Marekani zilipowashusha mjini askari wa miavuli wa Ubelgiji, siku hiyo hiyo liliingia jeshi la serikali pamoja na mamluki Wazungu. Wageni wakachukuliwa; wenyeji wakaachwa mikononi mwa mamluki. Je, roho ya mwenyeji haikuwa roho?

Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, Jenerali Mobutu alinyakua utawala. Kwa kuwa alikuwa adui wa Ukomunisti, Marekani ilimpa fedha na silaha, naye akatawala hadi 1997, mwenyewe tajiri, raia zake mafukara.

Sisi hatuutetei Ukomunisti. Muislamu hawezi kuyakubali mafundisho yamkanayo Mwenyezi Mungu. Wala Warusi hawakuwa bora: mwaka 1979 waliingia kwa vifaru Afghanistan, nchi ya ndugu zetu Waislamu. Lakini dini yetu yatufunza kuwa kumchukia mtu kusitufanye tuache uadilifu. Dhuluma haigeuki halali kwa sababu aliyedhulumiwa ameitwa Mkomunisti.

Enyi vijana, majina hubadilika, na sisi Waislamu twalijua vyema jina libandikwalo watu katika zama hizi. Mkilisikia, ulizeni kwanza: Watu hawa wametenda nini hasa? Na wakipigwa, ni nani atakayefaidika?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kusimamia haki, ijapokuwa ni haki ya tusiyempenda. Amin.